Binti Yangu Anasoma Chombezo Usiku: Je, Ni Maneno Tu?

SWALI: Assalamu alaykum, shekhe wetu. Mimi ni mama wa hapa Gungu, Kigoma. Juzi usiku nilimkuta binti yangu wa miaka 15 ndani ya chandarua akisoma chombezo kwenye simu, hadithi ya mapenzi inayoeleza kila kitu bila stara. Nilipomkemea alijibu kwamba ni maneno tu, na kwamba hajafanya lolote. Je, maneno yanaweza kumbadili, na dini inaniamuru nifanye nini?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mama yangu, binti yako amesema kweli katika jambo moja: kusoma si kuzini, na asitokee mtu wa kumwita mzinifu. Lakini Mwenyezi Mungu katika Suratul Israa, aya ya 32, hakusema tu tusizini, bali amesema, "Wala msiikaribie zinaa," na maandishi yaliyotungwa kwa makusudi ya kuwasha matamanio ni katika njia za kuikaribia. Hukumu yake ni hiyo, na haina utata.

Kinachonikosesha usingizi ni kingine. Mwaka huu, baada ya darasa la alasiri hapa Ujiji, kijana mmoja alibaki nyuma akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ustadh, mwanamke akikataa, si anaona haya tu?" Nilipomuuliza amelipata wapi, akanionyesha kwenye simu hadithi iliyofika sehemu ya 14, ambamo msichana anasema hapana, anashikwa kwa nguvu, kisha mwandishi anatuambia kwamba moyoni alikuwa amefurahi. Kijana yule hakuwa mhuni; alikuwa amefundishwa, naye alikuja kuthibitisha somo lake. Ndiyo maana sikubali kwamba ni maneno tu, kwa sababu mtu asiyejua lolote kuhusu unyumba huyachukua maneno ya kwanza anayoyakuta kuwa ndiyo elimu yenyewe.

Wala Uislamu hauogopi kutaja matamanio. Surat Yusuf inasimulia mwanamke aliyefunga milango akamtaka Yusuf, kijana aliyelelewa nyumbani kwake, na kanzu ya Yusuf iliyochanwa kwa nyuma; hakuna mwili uliovuliwa mbele ya msomaji, lakini tunaonyeshwa yote yaliyofuata, ikiwemo kusingiziwa na kifungo cha miaka. Chombezo hufanya kinyume: huuanika mwili, halafu huficha mimba, maradhi, aibu ya aliyelazimishwa na mtoto anayelelewa na bibi, na mahali pa hayo yote huandikwa "itaendelea".

Sasa niseme lililo zito kwetu sisi wazazi na walimu. Waswahili walikuwa na somo na kungwi, wanawake wazima waliomfunda binti mambo ya unyumba, na ingawa si kila kilichosemwa unyagoni kilikuwa chema, binti alikuwa na mtu mzima wa kumuuliza. Wengi wetu tumeiacha nafasi ile wazi, na simu imeingia humo. Wala hatuna udhuru wa haya, kwani Bi Aisha, mke wa Mtume, Allah amridhie, aliwasifu wanawake wa Kiansari, yaani wenyeji wa Madina, kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao, na watoto wetu madrasa wanaposoma Safina, kitabu cha mwanzo cha fiqhi, hukutana mapema kabisa na alama za baleghe: kutimiza miaka 15, kuota ndoto ya kutokwa na manii, na hedhi. Mlango uko wazi tangu darasa la mwanzo, ila sisi huufunga haraka tukakimbilia sura inayofuata.

Kwa hiyo usimpige, wala usimtangaze kwa majirani. Kijana alipomwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akaomba ruhusa ya kuzini, maswahaba walimkaripia, lakini Mtume alimsogeza karibu, akamuuliza kama angelipenda jambo hilo kwa mama yake, binti yake na dada yake, kisha akamwekea mkono na kumwombea. Hadithi hii ameipokea Imam Ahmad. Simu ya binti yako ilale chumbani kwako. Kisha mkae wawili, labda mnapochambua dagaa ambapo macho yana kazi nyingine, umuulize katika hadithi ile nani aliulizwa anataka nini, na nani angelea mtoto. Mweleze kwamba Qur'ani imewaita mume na mke nguo wao kwa wao, na nguo husitiri. Ulimi ukikukwama, mwite shangazi yake mwenye busara, lakini wewe usiondoke chumbani.

Wallahu a'lam.