Kiolezo kimoja, orodha mbili: tatizo liko kwenye "tena"

Swali: Nafundisha vijana kuandika programu za kompyuta za mezani hapa Mwanjelwa, Mbeya, kwa kutumia WPF, zana ya Microsoft ya kutengenezea madirisha ya programu za Windows. Umbo la kila mstari wa orodha tunaliandika mara moja, kisha orodha nyingine nazo zinalifuata. Kwenye notisi zangu niliandika: "Tumia tena kielelezo cha bidhaa kwenye orodha ya pili." Wanafunzi wawili walilifuta umbo hilo kwenye orodha ya kwanza na kulihamishia kwenye ya pili. Nimekosea neno gani? Na umbo hilo, ambalo kwa Kiingereza ni "template", niliite kielelezo, kigezo, kiolezo au kalibu?

Jibu: Mwalimu, wanafunzi wako hao wawili walisoma Kiswahili vizuri. Walitii neno "tena".

"Tena" hupanga mambo kwa wakati: la kwanza limekwisha, sasa linakuja la pili. Tazama debe la viazi sokoni hapo hapo Mwanjelwa. Muuzaji analijaza, anamwagia viazi kwenye gunia la mteja, halafu analijaza tena kwa ajili ya mteja anayefuata. Debe moja haliwezi kupimia magunia mawili kwa wakati mmoja. Mtu akiambiwa "tumia tena debe hili kwa mteja wa pili", lazima kwanza alitoe kwa mteja wa kwanza. Vijana wako walifanya hivyo hivyo.

Lakini umbo la mstari halihami. Chukua programu ya duka la pembejeo pale Uyole. Dirisha moja lina orodha mbili: bidhaa zilizopo stoo, na bidhaa alizochukua mteja. Kila mstari una picha ndogo ya mfuko, jina la mbegu au mbolea kwa herufi nene, na bei upande wa kulia. Umbo hilo linaandikwa mahali pamoja, ndani ya dirisha au kwenye programu nzima, linapewa jina, na kila orodha inalitaja kwa jina hilo. Programu hujenga mstari mpya kwa kila bidhaa kwa kufuata maelezo yaleyale, na orodha zote mbili huonekana kwa pamoja. Ukiongeza tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye umbo lile, inatokea pande zote mbili.

Hapo Kiswahili hakihitaji "tena". Kinahitaji "kimoja" au "kilekile": orodha zote mbili zinatumia kiolezo kimoja, orodha ya pili nayo itumie kiolezo kilekile. Hicho "kimoja", au "kile" kilichorudufiwa, ndicho kinachobeba maana yote uliyoitaka. Na hilo "nayo" usiliache, maana ndilo linalomwambia mwanafunzi kwamba orodha ya kwanza bado inaendelea kukitumia.

Kuhusu nomino, nimeshachagua kiolezo kama ulivyoona. Kielelezo ni kitu cha kuonyesha na kufafanulia. Mahakamani hata kisu kinaweza kuwa kielelezo. Kigezo kina watetezi wake, na Wikipedia ya Kiswahili huita kurasa zake za namna hii "Kigezo". Ila kwa msikilizaji wa redio wa Tanzania, neno hilo limeshahamia kwenye "vigezo na masharti kuzingatiwa", yaani sharti la kutimizwa. Kiolezo kinatokana na kuoleza, kufuatisha mfano, na hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Kalibu nalipenda mno neno hili, na darasani ningelitumia kueleza. Wafyatua tofali huilowesha kalibu ya mbao ili udongo usigande, wanashindilia, wanasawazisha juu kwa mkono, wanaichomoa, na tofali linabaki chini likiwa na umbo lake. Kalibu moja, tofali mia, na kila tofali ni jipya. Kama istilahi lina tabu moja: kwa wanaochanganya r na l, wanafunzi wataandika "karibu ya bidhaa", nawe utasahihisha muhula mzima.

Usilitupe "kutumia tena", kwa kuwa WPF ina mahali linapokaa sawasawa. Orodha ikiwa na bidhaa elfu moja, kwa kawaida programu hutengeneza mistari inayohitajika kujaza dirisha tu, au zaidi kidogo. Ukiiagiza ihifadhi nguvu za kompyuta, visanduku vilivyobeba mistari iliyopotelea juu unapoteremsha orodha haivitupi. Inavijaza bidhaa zinazofuata. Hilo ni debe la viazi hasa. Kwa hiyo notisi zako zisomeke hivi: "Orodha ya pili nayo itumie kiolezo kilekile cha bidhaa. Mtumiaji akiteremsha orodha, visanduku vinavyotoka juu hutumiwa tena chini."