Kabla ya kuuita Meru mlima wa mazoezi

Mmeuliza wiki hii kama Mlima Meru una lolote zaidi ya kuwa mazoezi ya kupandia Kilimanjaro. Hapa Arusha swali hili hujibiwa kwa mita: 4,566 kwa 5,895, basi, yamekwisha. Mimi nataka kujibu jingine: anayeingia Hifadhi ya Taifa ya Arusha kwa geti la Momella ajue nini kabla ya kuulizia kilele?

Ajue anakanyaga mlima uliobomoka. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki uliporomoka, ukaacha umbo kama la chungu kilichomeguka upande mmoja. Vile vilima vidogo vya Momella, na maziwa yaliyo katikati yake, ni mabaki ya maporomoko hayo. Maji yake ni ya magadi, ndiyo maana utaona heroe wengi. Simba hawapo katika hifadhi hii. Nyati wapo, tena wengi, na tembo pia, na ndiyo sababu huruhusiwi kupanda bila askari mwenye bunduki. Usimpite mbele askari huyo hata kama unamwona anakwenda taratibu.

Halafu ajue habari za Engare Nanyuki. Barabara ya kutoka Usa River haiishii getini. Inaendelea kaskazini mpaka kijijini, na daladala zinapita kila siku. Hapo ndipo palipotokea jambo ambalo wageni wengi hupanda na kushuka bila kulisikia. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni, kwa kufuata mapendekezo ya Jaji Mark Wilson, iliamua kwamba ukanda wa kati ya Meru na Kilimanjaro uwe wa mashamba ya Wazungu peke yao. Wameru waliokuwa wakiishi na kuchunga katika mashamba yaliyoandikwa namba 31 na 328 wakaambiwa wahame. Wakakataa. Novemba 1951 askari wakafika. Nyumba zikachomwa, mifugo ikaswagwa, na watu wapatao 3,000 wakaondolewa, wakaelekezwa King'ori.

Wameru hawakuishia kulalamika kwa bwana shauri. Walichangishana fedha wakamtuma mwenzao Kirilo Japhet mpaka New York. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini wa Umoja wa Mataifa chini ya Uingereza, kwa hiyo mlango wa kupelekea malalamiko ulikuwepo, na wao ndio waliousukuma. Mwaka 1952 Kirilo alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akiwa na wakili wao Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda. Baadaye shauri likafika Baraza Kuu, azimio likakosa theluthi mbili za kura, na ardhi haikurudishwa wakati ule. Lakini angalieni tarehe: TANU ilizaliwa 1954, na Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini 1955. Wameru walikuwa wameshatangulia. Hifadhi yenyewe ilianzishwa 1960 kwa jina la Ngurdoto, na mlima ukaongezwa 1967. Jambo la Engare Nanyuki nimelieleza kwa urefu kwa sababu halielezwi inavyostahili, na waongozaji wetu wanalijua vizuri wakiulizwa.

Sasa kupanda. Siku ya kwanza ni Momella hadi kibanda cha kulala cha Miriakamba, mita 2,514. Njia ya kaskazini ni ndefu na inapita kwenye mkuyu uliofanya tao. Ya kusini ni fupi na kali, na wengi huitumia kushukia. Siku ya pili ni ngazi nyingi za mbao hadi kibanda cha Saddle, mita 3,570. Mchana huohuo panda kilele kidogo cha Little Meru, mita 3,820, kisha rudi ulale chini yake. Wanaobaki kitandani wakisema wanatunza nguvu ndio mara nyingi kichwa kinawauma usiku.

Safari ya kilele huanza saa saba au nane usiku, mwendo wa saa nne hadi sita. Baada ya Rhino Point njia inashuka kidogo kabla ya kupanda tena, kisha inafuata mwamba uliolala mshazari, ambao ukipata barafu huteleza vibaya. Kuanzia hapo ni majivu na ukingo mwembamba, shimo la kreta likiwa upande mmoja. Betri za tochi zibebwe mfukoni karibu na mwili, maana baridi huzimaliza. Mpira wa kunywea maji huganda, chukua chupa. Kichwa kikiuma tu, pumzika; ukianza kutapika na kuyumba kama mlevi, shuka saa hiyohiyo.

Kosa kubwa ni ratiba ya siku tatu. Siku ya mwisho unapanda karibu mita 1,000 na kushuka karibu 3,000 hadi getini. Magoti ndiyo yanayolipa. Chukua nne.

Nikiyapima haya, jibu langu linaelekea nisikotaka: ndiyo, pandeni Meru kama mazoezi. Kulala Saddle na kufika kileleni kunauandaa mwili kwa Kilimanjaro kuliko mbio zozote za barabarani, mradi uendelee ndani ya siku chache, kwa sababu ukikaa wiki kadhaa bondeni faida hiyo hupotea. Asiye na mpango wa Kilimanjaro, wala hapendi ukingo wa usiku, simlazimishi kilele. Alale Miriakamba, atembee hadi sakafu ya kreta kuiona koni ya majivu na ukuta unaokaribia mita 1,500, apande Little Meru, ashuke. Kwa vyovyote vile, mwambie dereva asigeuze gari getini siku ya kushuka. Engare Nanyuki iko mbele kidogo tu, na nusu siku inatosha, isipokuwa mvua za masika zikiwa zimeiharibu barabara.