Damu Nzito, Presha ya Mimba na Mguu Uliovimba

SWALI: Mimba yangu ya kwanza iliishia wiki ya 30. Presha ilifika 170/115, nikafanyiwa upasuaji, mtoto hakuishi. Sasa nina mimba ya wiki 10. Rafiki yangu aliyeko Uholanzi anasema huenda nina damu nzito ya kurithi, nipime Faktori V Leiden kisha nianze sindano za heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Kipimo ni ghali. Nikope? – Mama wa Tanga

JIBU: Pole sana, dada, kwa kumpoteza mtoto. Usikope. Pesa hiyo ina kazi nyingine.

Jina "damu nzito" linapotosha wengi. Damu ya mwenye tatizo hili si nzito kama uji. Inatiririka kama ya mtu mwingine, ila breki ya kuganda imelegea. Donge likianza kujijenga, protini C, ambayo ndiyo breki, huikata faktori ya tano, protini inayogandisha damu, ili lisiendelee kukua. Mwenye Faktori V Leiden amerithi faktori ya tano isiyokatika kirahisi. Hitilafu hiyo iligunduliwa mwaka 1994 katika mji wa Leiden, Uholanzi, na miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya wanayo takriban 5 katika kila 100. Haishangazi rafiki yako anaisikia huko. Kwa Waafrika weusi wa kusini mwa Sahara ni adimu mno. Ikiwa una wazazi au mababu wa Ulaya au Mashariki ya Kati, au mama, baba au ndugu wa tumbo moja aliyewahi kuganda damu mguuni au mapafuni akiwa bado kijana, mwambie daktari, hapo hesabu inabadilika.

Hata ungekuwa nayo, heparini isingekukinga na presha. Utafiti wa TIPPS wa mwaka 2014 uliwapa sindano za dalteparini, aina ya heparini, wajawazito wenye matatizo ya kuganda damu, wengi wao ya kurithi, na presha ya mimba haikupungua. Utafiti wa ALIFE2 wa mwaka 2023 uliwafuata wenye matatizo ya kurithi ambao mimba zao zilikuwa zimeharibika zaidi ya mara moja. Sindano hazikuongeza idadi ya waliopata watoto hai. Tunalisema hili kwa uzito kwa sababu familia zinauza mifugo kununua sindano hizi.

Kwa historia yako, omba kipimo cha kingamwili za antifosfolipidi. Ugonjwa wa kuwa na kingamwili hizi si wa kurithi, lakini hugandisha damu na kuziba mishipa ya kondo la nyuma, na presha kali iliyolazimisha mtoto kutolewa kabla ya wiki 34 ni mojawapo ya dalili zake. Vipimo ni vitatu: lupus antikoagulanti, antikadiolipini na anti-beta-2 glaikoprotini. Kikitoka chanya kinarudiwa baada ya wiki 12, maana maambukizi ya kawaida yanaweza kukipandisha kwa muda. Kikithibitika, hapo heparini pamoja na aspirini ina nafasi yake. Pima pia seli mundu kama hujawahi. Huo ndio ugonjwa wa damu wa kurithi tulio nao kwa wingi huku kwetu, na huongeza hatari ya damu kuganda na ya presha ya mimba pia.

Ukifika wiki ya 12, usivuke ya 16 bila kumwona daktari akuanzishie aspirini. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 75 kwa siku. Utafiti wa ASPRE wa mwaka 2017 ulitumia 150 kila usiku hadi wiki ya 36, na presha ya mimba iliyolazimisha kujifungua kabla ya wiki 37 ilishuka kutoka asilimia 4.3 hadi 1.6. Ukianza umechelewa haifai sana, kwa kuwa kondo linakuwa limeshajishikiza. Kama una vidonda vya tumbo au pumu inayochochewa na aspirini, sema kabla ya kumeza.

Ongeza kalsiamu kama chakula chako kina maziwa na dagaa kidogo: gramu 1.5 hadi 2 kwa siku, ukigawa mara tatu. Kidonge cha kalsiamu kaboneti cha miligramu 1,250 kina kalsiamu halisi 500 tu, kwa hiyo soma pakiti. Usikimeze pamoja na vidonge vya damu. Viachanishe kwa saa kadhaa, la sivyo madini ya chuma hayaingii mwilini vizuri.

Pesa iliyobaki nunua mashine ya presha ya mkononi, na mkanda mpana kama mkono wako ni mnene, kwa sababu mkanda mdogo hutoa namba za uongo za juu. Kojoa kwanza, kaa dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, mkono usawa wa moyo. Ukipata 140/90, rudia, kisha nenda kliniki siku hiyo wakapime protini kwenye mkojo. Ukipata 160/110, au kichwa kikali kisichopoa, macho kuona vimulimuli, maumivu chini ya mbavu za kulia au kupumua kwa shida, nenda hospitali saa hiyo hiyo, iwe usiku wa manane.

SWALI: Mke wangu ana siku 11 tangu ajifungue kwa upasuaji, yuko ndani kwenye arobaini. Mguu wa kushoto umevimba na shavu la mguu linauma. Mama anamkanda kwa maji ya moto. Tuendelee? – Baba wa Unguja

JIBU: Mwombe mama kwa heshima asiuguse tena mguu huo, na umpeleke mkeo hospitali leo. Mguu mmoja uliovimba baada ya kujifungua ni donge la damu hadi kipimo cha altrasaundi ya mishipa kikatae. Mara nyingi huwa wa kushoto, kwa kuwa vena ya upande huo hupita chini ya ateri iendayo mguu wa kulia na kukandamizwa nayo. Kuukanda kunaweza kulibandua donge likaenda mapafuni. Akianza kukosa pumzi, kuumwa kifua au kukohoa damu, hiyo ni dharura.

Wiki 6 za baada ya kujifungua ndizo zenye hatari kubwa kuliko mimba yote, nazo karibu zinalingana na arobaini. Mzazi apumzike, lakini atembee chumbani na anywe maji ya kutosha. Heparini na wafarini, dawa za kuzuia damu kuganda, hazimzuii kunyonyesha. Wampime na presha wakiwa hapo, kwani kifafa cha mimba huweza kuja hata baada ya mtoto kutoka.

SWALI: Nina mimba ya miezi saba. Maabara imesema protini S yangu iko chini. Nimerithi? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Huwezi kujua sasa. Protini S, msaidizi wa ile protini C, hushuka kwa kila mjamzito. Rudia angalau wiki 6 baada ya kujifungua, ukiwa hutumii wafarini, ambayo nayo huishusha. Hadi hapo epuka vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Kitanzi cha shaba hakina tatizo. Na kama umeshaanzishiwa heparini ya kinga, mweleze mkunga saa uliyochoma mara ya mwisho, kwa sababu ganzi ya uti wa mgongo kwa kawaida husubiri muda wa saa 12 tangu sindano hiyo.