Ndago Zinazozidi Kila Zikipaliliwa

SWALI: Ndugu Mhariri, ninalima vitunguu vya kumwagilia. Ndago zimeteka matuta yangu yote, na kila nikipalilia huota upya zikiwa nyingi kuliko awali. Mama mkwe wangu hataki nizimalize, kwa kuwa huchemsha viazi vya ndago hizo na kunywa maji yake tumbo linapomsokota. Nifanyeje, na je, kweli ni dawa?
Msomaji, Kilosa

JIBU: Ndugu msomaji, jembe lako ndilo linalozizidisha. Chimbua mche mmoja taratibu, bila kuung'oa kwa nguvu, nawe utaona viazi vidogo vyeusi vimefuatana kama shanga kwenye uzi. Maadamu mnyororo huo haujakatika, chipukizi la mbele huvizuia vingi vya viazi vya nyuma visichipue. Jembe likiukata, kila kiazi hujitegemea na kutoa mche wake. Vitunguu navyo havikusaidii, kwa sababu majani yake membamba hayatupi kivuli, na ndago hudhoofika sana zikikosa jua.

Baada ya mavuno, usimwagilie. Lima kiangazi ili viazi vigeuzwe juu na kukaushwa na jua, na urudie kulima wiki chache baadaye, kwa maana vingi vimo katika sentimita 15 za juu lakini vingine huzama zaidi. Msimu unaofuata panda kunde au viazi vitamu vitambae na kufunika ardhi, vitunguu visubiri. Dawa ya kuua magugu iitwayo glaifosati hufaa kabla ya kupanda tu, ndago zikiwa na majani mabichi yanayokua, kwani huua na vitunguu pia. Tena haivifikii viazi vilivyolala bila majani, hivyo usitarajie kumaliza kazi kwa kupuliza mara moja.

Kuhusu dawa, mama mkwe wako hakubuni. Viazi hivyo hutumika India kwa matatizo ya tumbo na kuhara, na China kwa maumivu ya hedhi. Mwaka 2014 watafiti walieleza kwamba walikuta mabaki ya ndago kwenye ukoga uliogandamana katika meno ya watu wa kale waliozikwa Al Khiday, Sudan, wakahisi kwamba huenda ndizo zilizowapunguzia kuoza meno, kwa kuwa zina uwezo wa kuzuia bakteria wanaoyatoboa. Hata hivyo, matumizi ya muda mrefu si sawa na kipimo kilichothibitishwa hospitalini: mjamzito asinywe, na tumbo linalosokota mara kwa mara au kuhara damu lipelekwe zahanati.

Wala huna haja ya kumtengea mama bustani ya ndago, maana hata ukijitahidi vipi hazitaisha msimu huu. Achimbe kwenye matuta ambayo hayajapulizwa dawa yoyote, na viazi anavyochambua na kuvitupa avichome moto; asivirudishe shambani pamoja na samadi.