Barua Ile Niliiandika Mimi

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: je, onyesho la kuhitimu linamsaidia mwanafunzi wa sanaa kuifikia ndoto yake? Nililisoma asubuhi nikaliacha, usiku nikajikuta nalirudia. Jibu ninalo, ila si la swali hilo hasa. Langu ni hili: ndoto ya nani? Darasa letu lilikuwa na watu 19, na tamthilia ina mhusika mkuu mmoja.

Aliyepita chuo cha sanaa hahitaji kuelezwa habari ya ile karatasi inayobandikwa mlangoni mwa ukumbi wa mazoezi, majina upande huu, nafasi upande ule. Watu huisoma kwa kidole. Kidole kinaanzia juu, kinashuka, kinashuka tena, halafu mwenye kidole anageuka kumkumbatia mwenzake na kumwambia hongera, nilijua tu ni wewe. Miaka mitatu mmefundishwa pamoja kupumua, kutamka, kuanguka bila kuumia. Kumbe wanaohitimu ni wawili, wengine ni wasindikizaji.

Kwa hiyo nilipoanza kuandika barua hii msimamo wangu ulikuwa mmoja: onyesho hilo livunjwe. Vyuo vingi vya uigizaji vya Uingereza na Marekani vina utaratibu mwingine kwa watu wa mwaka wa mwisho. Wanapanda jukwaani wawiliwawili, kila jozi na kipande chake cha dakika chache, mbele ya mawakala, wale wanaowatafutia waigizaji kazi, na wanaotafuta waigizaji. Mtazamaji ana orodha ya majina na picha mapajani, anaweka alama kwa kalamu. Ni soko, wala hakuna anayejifanya si soko. Lakini kila mtu anapata meza yake. Nilitaka kusema hivyo, nitie sahihi, nilale.

Sasa ngoja niwaeleze habari ya barua.

Mimi nilipewa nafasi ya mjumbe. Sentensi tatu: “Hodi. Barua yako hii. Nimeambiwa nisingoje jibu.” Mwalimu aliyeniona nimenuna alinivuta pembeni akanipa somo la Wagiriki: kwamba katika tamthilia zao za kale mauaji na majanga hayakuwa yakionyeshwa jukwaani, yalisimuliwa, na mara nyingi msimulizi alikuwa mjumbe. Mfalme Oedipus wa Sophocles anajitoboa macho ndani ya nyumba, na anayetoka kutueleza ni mtu asiye hata na jina. Nikamjibu kwamba mjumbe wa Sophocles anazungumza sana, wangu anabisha hodi. Akacheka. Kisha akaniambia ule usemi wa walimu wote wa uigizaji, kwamba hakuna nafasi ndogo, kuna waigizaji wadogo. Sijawahi kumsikia mwenye nafasi kubwa akijiambia maneno hayo.

Na kwa kuwa mjumbe ana muda mrefu wa kukaa bure, nikakabidhiwa na vifaa vya jukwaani: taa ya mkono, birika, fimbo ya babu, na barua.

Barua ndiyo iliyokuwa roho ya mchezo. Baba yuko baharini miaka mingi, nyumbani wanamngoja. Binti anaifungua katika sehemu ya tatu na kuisoma kwa sauti mbele ya mdogo wake. Mwanzoni ni salamu na habari za meli, halafu katikati baba anasema harudi, ana mji mwingine sasa, na mama asiambiwe. Dakika mbili na nusu. Ukikosa maneno hayo, sehemu ya nne haina maana: mama anaandaa kitanda, watoto wanalia, na mtazamaji hajui wanalia nini.

Mwenzetu aliyepewa nafasi ya binti hakuikariri. Ya nini, alisema, si itakuwa mkononi? Alikuwa na haki. Mazoezini alitumia karatasi nyeupe iliyoandikwa kwa kalamu nyeusi, imekunjwa mpaka imelegea kama kitambaa. Lakini mimi, ambaye nilikuwa na sentensi tatu tu za kujivunia, niliamua barua ya usiku wa onyesho itakuwa barua kweli. Nililoweka karatasi katika maji ya chai nyeusi iliyokolea, nikaitandaza juu ya taulo, nikaipitishia pasi isiyo na moto mwingi. Kingo nikazisugua kwa kidole chenye maji mpaka zikachanika nywelenywele. Wino nikachagua wa kahawia, kwa sababu nilisoma kwamba wino wa zamani, ule uliotengenezwa kwa chuma, huanza mweusi na kwa miaka hugeuka kahawia. Niliiandika nzima mara sita. Mara ya kwanza wino ulitambaa kwenye karatasi iliyokuwa haijakauka, mara ya pili mwandiko ulikuwa wa kike mno kwa baharia, ya tatu sikumbuki ilikuwa na kasoro gani. Ya sita ilikuwa nzuri. Niliiangalia kwenye meza ya vifaa, chini ya balbu, nikasema mtu aliyekaa mstari wa nyuma kabisa ataona kwamba karatasi hii imevuka bahari.

Hapa kalamu yangu inakuwa nzito kidogo. Siku ya mazoezi ya taa, ile siku ndefu ambapo waigizaji wanasimama tu kama nguzo wakati watu wa taa wanatafuta kona zao, nilikaa karibu na kijana wa taa. Sehemu ya tatu ilikuwa jioni, na taa zake alizifunika karatasi ya rangi ya kaharabu. Alinionyesha mchezo: akashika kitambaa cha kahawia na cha manjano chini ya mwanga ule, navyo vikakaribiana mpaka nikashindwa kusema kipi ni kipi. Nilimwambia, ajabu hiyo. Hiyo ilikuwa siku tatu kabla ya onyesho, na barua ya sita nilikwisha kuiandika.

Nilijua, basi? Ukiniuliza saa nne asubuhi nitakuambia hapana, niliyaona mambo mawili sikuyaunganisha. Ukiniuliza saa nane usiku sina hakika.

Usiku wa onyesho nikabisha hodi, nikatoa barua, nikasema nisingoje jibu, nikatoka. Nikasimama nyuma ya pazia la pembeni, hatua nne kutoka kwake. Akaikunjua. Akainyanyua kidogo. Akanyamaza.

Nilihesabu. Jukwaani sekunde tano za kimya ni nyingi, kumi ni shimo. Ilipofika tisa nikaona macho yake yanatembea juu ya karatasi bila kutua mahali. Ilipofika kumi na mbili mdogo wake, yaani mwenzetu aliyekuwa akiigiza mdogo wake, akameza mate nikayasikia. Ukumbi ulikuwa umejaa. Mstari wa tatu wamekaa mawakala wawili tuliooneshwa mchana kupitia upenyo wa pazia, mmoja ana miwani ya kusomea aliyoining'iniza shingoni. Nikaitazama ile karatasi mkononi mwake, na kutoka pale nilipo ilikuwa tupu. Ilikuwa kipande cha jioni tu.

Nikarudi jukwaani.

Hakuna aliyenituma. Nikasema: “Samahani, dada. Nimekumbuka. Aliyenipa barua hii alisema, ikiwa maji yameifuta, niyaseme mwenyewe.” Na nikayasema. Ningeachaje kuyajua, niliyaandika mara sita? Salamu, meli, bandari, kisha nikapunguza sauti nikaenda kwenye yale ya katikati, harudi, ana mji mwingine. Nilisikia ukumbi ukivuta pumzi. Nitakuwa mwongo nikisema nilikuwa nafikiria tamthilia peke yake. Nilijua mawakala wamekaa wapi na nilijua uso wangu umeelekea wapi. Yeye alinitazama muda wote na barua imefunguka mkononi, na niliposema mama asiambiwe, akaikunja taratibu, mara mbili, akaitia kifuani. Mikunjo hiyo haikuwemo katika mazoezi yoyote.

Makofi yalikuwa makubwa. Mwongozaji alinishika kichwa kwa mikono miwili akasema umetuokoa. Yule wakala mwenye miwani alinipa kadi. Mwenzangu alifuta rangi usoni, akavaa viatu, akaondoka bila kuaga mtu.

Kadi ile ilinipatia miaka miwili ya kazi ndogondogo, nyingi za kubisha hodi na kuleta habari mbaya. Kisha siku moja mtu akakosa wa kumtengenezea vifaa, nikatengeneza, na mpaka leo ndiyo kazi yangu. Naipenda. Kazi hii haina makofi lakini ina uzito wake: Globe, ukumbi wa akina Shakespeare kule London, uliteketea mwaka 1613 kwa sababu ya kifaa cha jukwaani, mzinga uliofyatuliwa wakati wa mchezo wa Henry VIII na cheche zikashika paa la nyasi. Mwandishi anajulikana na kila mtoto wa shule. Aliyewasha mzinga ule sijawahi kusikia akitajwa.

Ninachotaka kusema ni kwamba nilipofika hapa katika kuandika, msimamo wangu ulikuwa umeshalegea. Vipande vya dakika mbili haviwezi kumfanya mtu arudi jukwaani. Kipande cha dakika mbili hakina mjumbe. Kina watu wawili na mezani kuna birika, kwisha. Mimi kila ninachokijua leo kuhusu mwanga, karatasi, woga na tamaa yangu mwenyewe nilikipata kwa kuwa ndani ya ndoto ya mtu mwingine, tena kwa kulazimishwa. Basi liachwe, hilo onyesho. Libaki.

Libaki, lakini mawakala wasialikwe usiku wa kwanza. Hili nalisema kwa kichwa kigumu. Mnajua tamthilia ya Chekhov, yule mwandishi Mrusi, ile ya Shakwe: ilipoonyeshwa mara ya kwanza Saint Petersburg mwaka 1896, baada ya mazoezi machache mno, watazamaji waliizomea na mwandishi akaukimbia mji. Mwaka 1898 maneno yale yale yakapandishwa jukwaani Moscow na kundi jipya la maigizo la waongozaji Stanislavski na Nemirovich-Danchenko, na ndiyo iliyowapa jina. Chekhov alikuwa na miaka miwili ya kungoja. Mwanafunzi ana usiku mmoja, akikosea ndio ameandikwa. Wapeni siku tatu au nne, ya kwanza iwe ya wazazi na ya makosa. Na ile karatasi ya mlangoni, kama hamwezi kuiacha, basi walau waliopewa nafasi za chini wasiambiwe habari za Wagiriki.

Ningemalizia hapo, lakini haitakuwa haki, kwa sababu mwenzangu nilikutana naye. Ilikuwa kwenye mazishi ya mwalimu wetu, miaka mingi baadaye. Yeye sasa anafundisha watoto wadogo kuimba na kucheza, na watoto hao, nimewaona, wanasimama wima kuliko tulivyosimama sisi. Tulizungumza ya msiba, ya familia, ya nani yuko wapi. Nikaona nisipoomba radhi siku ile sitaomba tena. Nikamwambia yote, chai, wino, kijana wa taa na kitambaa chake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, bila hasira hata kidogo: “Lakini mimi nilikuwa nasoma.”

Nikamwuliza unasomaje, karatasi ilikuwa haina kitu. Akasema mistari ya juu ilimpiga chenga, ndiyo, lakini alikuwa ameshaona ile ya katikati, harudi, na akafikiri binti akiona neno hilo kwanza hawezi kuanza na salamu. Atanyamaza. Alikuwa amenyamaza kwa makusudi, anahesabu na yeye, alitaka kufika ishirini. “Nilifika kumi na tatu,” akasema, “ukabisha hodi.”

Sijui niliweke wapi jambo hilo katika jibu langu. Huenda anakumbuka vibaya. Huenda ameitengeneza kumbukumbu hiyo ili aweze kuishi nayo, kama mimi nilivyotengeneza yangu. Barua ya sita ninayo, aliitoa kifuani usiku ule akaiacha kwenye meza ya vifaa, mahali pake, kama inavyotakiwa. Juzi, baada ya kusoma swali lenu, niliichukua kazini nikaiweka chini ya taa ya rangi ile ile. Mistari ya juu haionekani kabisa. Ile ya katikati nilipoiandika nilikuwa nimechovya kalamu upya. Ukiinamisha karatasi kidogo, inasomeka.