Muhtasari wa Mkutano Usiofanyika, na Mengine kwa Wanaoanza Kuandika Maandiko ya Ruzuku

Juma lililopita kijana mmoja anayejitolea katika idara ya maendeleo ya jamii aliniletea andiko la kikundi cha wafugaji nyuki ili nilipitie kabla halijapelekwa. Lilikuwa andiko zuri: bangokitita, yaani jedwali la malengo, shughuli na viashiria, limekamilika, bajeti inajumlika, na profoma tatu, zile ankara za bei kutoka kwa wauzaji, zimebanwa nyuma kwa mpangilio. Nilipofika kwenye kiambatisho cha mahudhurio ya mkutano mkuu wa kijiji nikakuta sahihi 41, zote kwa wino mmoja, zote zimelalia upande mmoja kama mtama uliopigwa na upepo. Nikamuuliza mkutano ulifanyika lini. Akatazama dari.

Nimekuwa nikisaidia vikundi kuandika maandiko mkoani Singida kwa zaidi ya miaka kumi, na kila mwaka huja vijana wapya, hodari wa kompyuta kuliko nilivyowahi kuwa, wakatumbukia katika mashimo yale yale niliyotumbukia mimi. Wadogo zangu, nawapenda, lakini mnanichosha. Yasomeni haya kabla hamjaja tena mezani kwangu.

1. Jueni mnachoomba. Ruzuku hairejeshwi, mkopo unarejeshwa. Mtacheka kwamba nawaambia hili, lakini bado nakutana na vikundi vinavyojaza fomu za asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri vikiamini kwamba ni fedha ya bure. Ile ni mikopo: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, kwa mujibu wa kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa. Haina riba, ndiyo, lakini inadaiwa. Ilisitishwa Aprili 2023, baada ya ripoti za ukaguzi kueleza habari za vikundi hewa na madeni yasiyolipwa, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, na kikundi chenu kisije kikawa mfano katika ripoti inayofuata. Ruzuku mtaitafuta kwingine: Mfuko wa Misitu Tanzania, uliotokana na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, hugharimia vitalu, upandaji miti na ufugaji nyuki, TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ina miradi yake ya jamii, na programu za kilimo hupitisha fedha zake katika halmashauri. Kila mlango una fomu yake, kwa hiyo msibadilishe jalada tu mkapeleka andiko lile lile.

2. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na vipaumbele vya kijiji huwa vimekwisha kupanda kwenye kata na wilaya miezi mingi kabla ya hapo. Anayeanza kuulizia fedha mwezi wa Mei amefika harusini masufuria yanaoshwa. Katika ratiba ya utekelezaji, msitaje majina ya miezi. Andikeni “mwezi wa kwanza baada ya kupokea fedha”, kisha mhakikishe kwamba kazi yenyewe inafaa kwa msimu utakaokuwapo. Kikundi kimoja nilichokifahamu kiliomba fedha za kitalu, kikapanga kuotesha mbegu mwezi wa Agosti ili miche iwahi mvua za Desemba. Fedha zikaingia Machi. Wakaogopa kukaa nazo, wakaotesha Machi hiyo hiyo, na miche ikawa tayari kupandwa wakati ardhi imekauka kama kigae. Waliinywesha kwa punda wawili na madumu tangu Juni hadi mvua zilipoanza. Walioteseka zaidi, kwa maoni yangu, ni punda, ambao hawakutajwa popote katika bajeti.

3. Muhtasari huandikwa baada ya mkutano. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu yule kijana alipotazama dari nilijiona mwenyewe.

Mwaka 2014 nilikuwa nakisaidia kikundi cha wanawake 18 waliotaka mizinga ya kisasa. Habari za tangazo la ruzuku zilinifikia siku ya Jumanne, na mwisho wa kupokea maombi ulikuwa Ijumaa. Katiba ilikuwapo, cheti cha usajili kilikuwapo, akaunti ya benki ilikuwapo. Kilichokosekana ni muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji ulioridhia mradi na eneo la manzuki, yaani mahali pa kuwekea mizinga, na mkutano mkuu hauitishwi kwa siku mbili, hasa mtendaji wa kijiji akiwa amekwenda msibani. Nikaketi usiku, taa ya sola mezani, nikauandika huo muhtasari peke yangu. Nilifungua mkutano saa 4:12 asubuhi, kwa sababu dakika zile 12 zilionekana kuwa na ukweli ndani yake. Nilisoma ajenda, nikapokea taarifa ya kikao kilichopita, kisha, kwa kuwa nilijiona fundi, nikaweka na mjadala: mzee mmoja, ambaye nilimtaja kwa jina kwa sababu kila mtu anajua kwamba hakosi swali mkutanoni, aliuliza mizinga italindwaje dhidi ya nyegere, naye katibu wa kikundi akamjibu kwa ufasaha kwamba itatundikwa kwa waya. Nilikipenda sana kipande hicho. Nilikisoma mara mbili.

Kesho yake nilichukua bodaboda nikapita nyumba kwa nyumba kukusanya sahihi. Asiyekuwapo, alisainiwa na jirani. Nilipata majina 63 kabla ya jua kuzama, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza anasaini nini, kwa sababu walinifahamu. Mtendaji alirejea Alhamisi jioni na vumbi la msibani bado miguuni, akagonga muhuri bila kusoma, kwa sababu ile ile.

Andiko likapita mchujo wa kwanza. Miezi miwili baadaye wakaja wahakiki wawili, watu wapole, ambao hawakutaka kuketi ofisini. Waliomba wananchi wakusanyike chini ya mkwaju, na mmoja wao akaanza kuusoma muhtasari wangu kwa sauti, aya kwa aya, akiuliza kila mara kama ndivyo ilivyokuwa. Watu walinitazama mimi kwanza, kisha wakaitikia kwamba ndivyo. Mpaka akafika kwenye nyegere. Yule mzee alikuwa ameketi mbele kabisa. Aliinuka taratibu kwa mkongojo wake, akasema kwamba swali ni zuri sana na angependa kweli kuliuliza, isipokuwa tarehe hiyo yeye alikuwa amelazwa hospitali ya wilaya. Watu wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa nahesabu majani ya mkwaju.

Kicheko kingeisha, lakini swali lililofuata halikuwa la kuchekesha. Mama mmoja, ambaye hakuwa hata mwanachama, aliuliza manzuki yenyewe itakuwa wapi, na alipoonyeshwa kwenye ramani yangu ya mkono akashangaa: hapo ndipo ng'ombe hupita kwenda lamboni. Kila mtu kijijini alilijua hilo. Mimi sikulijua, kwa sababu nilikuwa nimelichagua eneo kwa kulitazama kutoka barabarani, na wale wanawake 18 waliniachia kazi ya ramani wakijua kwamba mkutano utasema. Mizinga 40 yenye nyuki kando ya njia ya mifugo ingeleta ugomvi ambao hakuna afisa nyuki wa kuusuluhisha. Mkutano halisi ungelimaliza jambo hilo kwa dakika tano na kutupa eneo lingine. Mkutano wangu wa taa ya sola, pamoja na mjadala wake wote mzuri, haukulijua.

Wahakiki walifunga faili wakaaga kwa adabu. Mtendaji aliandikiwa barua ya kujieleza kwa kosa nililomtia mimi. Wanawake wale walikuwa wamechanga shilingi 10,000 kila mmoja kwa ajili ya usajili, nakala na nauli za kutafuta profoma, jumla shilingi 180,000, nami nilizirudisha kutoka mfukoni mwangu kwa awamu nne. Mwenyekiti wao alipokea awamu ya mwisho, akahesabu mara mbili mbele yangu, kisha akaniomba na faili la kikundi.

Kwa hiyo, pateni ratiba ya mikutano mikuu ya kila kijiji mnachokihudumia. Kwa utaratibu hufanyika kila baada ya miezi mitatu, hivyo ingizeni mradi kwenye ajenda hata kabla tangazo la ruzuku halijatoka. Karatasi ya mahudhurio ipite mikononi, kila mtu asaini mwenyewe, asiyejua kuandika aweke dole gumba. Na anayepinga, pingamizi lake liandikwe, kwani wahakiki wanaushuku muhtasari ambao watu wote wameridhia kila kitu.

4. Mengineyo ni mafupi. Majina ya viongozi yafanane herufi kwa herufi na vitambulisho vya taifa vya NIDA na fomu za benki. Nguvu za wananchi, yaani mawe, mchanga na siku za kazi, zithaminiwe kwa shilingi na ziingizwe kwenye bajeti kama mchango wa jamii. Eneo la mradi lisilo na maandishi ya halmashauri ya kijiji halipo, hata kama aliyelitoa ni baba yako mzazi. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, idaiwe siku ile ile ya manunuzi, maana muuzaji anayeahidi kuileta kesho hana kesho hiyo. Nakala moja ya kila kitu ibaki kwa kikundi, si kwenye kompyuta yako.

Yule kijana nimemrudishia andiko lake. Mkutano mkuu wa kijiji chake umepangwa tarehe 14 mwezi ujao, na maombi yanafungwa tarehe 10, kwa hiyo awamu hii itampita. Amenuna, hajapokea simu yangu tangu Jumatatu. Nimemtumia ujumbe kwamba tarehe 14 nitakwenda naye, na kwamba aanze kwa kuwauliza watu wa kijiji ng'ombe wao hupita wapi.