Mkopo ni nafuu, lakini nyumba iko ukingoni mwa ziwa

*Shangazi, mume wangu amependa nyumba Dunga, hapa Kisumu, hatua chache tu kutoka ziwani. Bei ni milioni 3.5. Sacco yetu iko tayari kutupa milioni 3 kupitia mpango wa KMRC, ile kampuni yenye mkono wa serikali inayofadhili mikopo ya nyumba. Yeye anasema serikali haiwezi kuweka mkono kwenye nyumba yenye kasoro. Muuzaji anataka arubuni wiki hii. Mimi naogopa maji, na sasa hatuzungumzi. – Mke, Kisumu*

Mwanangu, hofu yako ina msingi. KMRC haimkopeshi mwananchi wala haikagui nyumba yake. Huzipa benki na Sacco fedha za muda mrefu kwa riba ya chini, nazo ndizo humkopesha mteja. Nyumba ikibomolewa, deni ni lenu.

Unafuu wenyewe ni wa kweli. Milioni 3 kwa miaka 20 kwa riba ya asilimia 9.5 ni takriban Sh27,960 kwa mwezi. Kwa asilimia 15 ingekuwa Sh39,500. Ulizeni tu kama riba haitabadilika hadi mwisho.

Shida iko ardhini. Mthamini wa Sacco hutazama bei. Hati miliki nayo yaweza kuwa halali kabisa na bado sehemu ya kiwanja iwe ukingo wa ziwa, pasiporuhusiwa kujenga. Tena ukingo hupimwa kutoka kiwango cha juu kabisa ambacho maji yamewahi kufika, si pale yalipo leo. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likaingia makwao watu hapo hapo Dunga. Kwa hivyo msiridhike dalali akisema nyumba iko "mita 30" kutoka majini. Tafuteni mpima ardhi mwenye leseni, aende na ramani ya mipaka, aonyeshe kila bikoni (alama ya mpaka wa kiwanja) na kuchora mstari wa maji. Mchoro huo upelekwe kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, mjibiwe kwa barua. Kaunti nayo ithibitishe kwamba ilipitisha ramani ya nyumba.

Mkiwa huko, tazameni kuta: rangi mpya chini tu, hadi usawa wa goti, huficha alama ya mafuriko. Fungueni tangi la maji taka. Likiwa limejaa ilhali nyumba haina mtu, huenda maji ya chini ya ardhi yanaingia humo.

Arubuni, kwa kawaida asilimia 10, ishikwe na wakili, na mkataba useme itarudishwa barua ya Mamlaka ikikataa. Wekeni kando pia ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini: hapa ni Sh140,000.

Na ujue hili, mwanangu: kwa Sheria ya Ardhi ya 2012, nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila idhini ya mwenzi. Mwambie mumeo kwa upole kwamba utatia sahihi barua ya Mamlaka ya kukubali ikifika. Isipofika, ombeni Sacco iwahamishie mkopo huo kwenye nyumba nyingine, mbali na maji.